Monita ya Chogo ya Commodore: Kutengeneza, Kununua Nyingine au Kuhamia Bapa?

Kompyuta ya Amiga 500 ya Commodore iliyotunzwa vizuri huwaka hadi leo. Kinachotangulia kufa ni monita yake. Kwa wengi monita hiyo ni Commodore 1084S, ile ya inchi 14 yenye chogo na spika mbili, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuuzwa sana Ujerumani na Uingereza. Commodore yenyewe ilifilisika Aprili 1994, kwa hiyo hakuna wakala wa kumpigia simu wala ghala la spea halisi. Mwenye monita iliyozimika amebakiwa na njia nne: aitengeneze, anunue nyingine iliyotumika, atafute TV ya chogo inayofaa, au aweke kigeuzi cha ishara na kuhamia monita bapa.

Msimamo wangu nautoa mapema: pesa ifuate tyubu ya picha. Swichi, fyuzi, kapasita, transista, vyote vinanunulika. Hata flaibaki, ile transfoma inayozalisha umeme mkubwa wa kioo, hupatikana kwa kutafuta. Tyubu hainunuliki mpya, kwa sababu hakuna anayeitengeneza tena. Tyubu ikiwa na nguvu, karibu matengenezo yote yana faida. Ikiwa imechoka, hata dola 20 ni hasara. Bei nitakazotaja ni za masoko ya mtandaoni, kwa dola, na hupanda na kushuka. Zichukue kama kipimo cha kulinganishia.

Wanaoanza huuliza kwa nini wasichomeke tu monita bapa ya ofisini. Sababu ni kasi ya mistari. Amiga ya Ulaya huchora mistari takriban 15,600 kwa sekunde, yaani kilohezi 15.6, sawa na televisheni ya mfumo wa PAL. Monita za VGA, zilizoanza na kompyuta za IBM PS/2 mwaka 1987, huanzia kilohezi 31.5. Bapa nyingi zikipewa 15 hutoa onyo kwamba ishara hiyo haiwezi kuonyeshwa, au hukaa nyeusi tu. Ziko chache zinazokubali. BenQ BL702A inasifiwa sana na wapenzi wa Amiga, lakini kuipata ni kuvizia. Na usitumainie tundu la video la kawaida lililo nyuma ya Amiga 500: hilo hutoa picha isiyo na rangi.

Sasa turudi kwenye tyubu. Kama monita bado inawaka, huhitaji kifaa chochote kuipima. Iwashe ikiwa baridi kabisa, weka picha nyeupe yenye maandishi meusi, uangalie. Tyubu nzima hutoa picha ndani ya nusu dakika hivi, na weupe wake ni weupe kweli. Tyubu iliyochoka huanza na giza, kisha hupata nguvu polepole kadiri inavyopata joto, na inaweza kuchukua dakika kumi au ishirini kufikia mwanga wa kuridhisha. Ukiongeza mwanga, sehemu nyeupe zinapakaa pembeni na kupata mng'ao wa bati. Rangi moja ikichelewa kuliko nyingine, nyekundu kwa mfano, picha huanza na ukijani au ubuluu kisha hujirekebisha. Dalili hizo zikiwepo zote, funga pochi.

Kuna mashine za kupimia na kuzindua tyubu, kama B&K 467 au Sencore CR70, lakini zilizotumika zenyewe huuzwa kwa mamia ya dola. Fundi akiwa nayo, mlipe akupimie. Kuzindua tyubu ni jambo la mwisho kabisa: linaweza kurudisha mwanga kwa muda, na linaweza pia kuimaliza tyubu siku hiyohiyo.

Ugumu ni pale monita isipowaka kabisa, kwa sababu hapo huoni picha ya kupima. Ninachoshauri ni kujiwekea kikomo. Tumia hadi dola 15 kuifanya iwake, halafu ndipo uamue kama inastahili zaidi. Kikomo hicho kinatosha mara nyingi, maana ubovu unaojulikana zaidi wa 1084S ni swichi yake ya kuwashia. Kitufe hubonyezwa kikakataa kushika, au hushika lakini vyuma vya ndani vimeungua na umeme haupiti. Swichi za namna hiyo, zenye miguu minne, zilitumika kwenye TV nyingi za enzi hizo, na mpya yake ni dola tatu hadi kumi. Nimeona watu wakiuza monita kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya swichi tu, na inasikitisha.

Ubovu unaofuata hauhitaji spea yoyote. Monita inawaka, lakini picha inaruka ukigonga ubavu wa boksi, au rangi moja inapotea na kurudi. Fungua, geuza bodi, mulika kwa tochi pembeni mwa miguu ya flaibaki na ya matundu ya nyaya. Utaona lehemu imezungukwa na duara jembamba jeusi, kama pete, kati ya mguu wa spea na lehemu yenyewe. Huo ni ufa. Joto la kuwasha na kuzima kwa miaka 30 limetikisa mguu hadi lehemu ikaachia. Dawa yake ni kunyonya lehemu ya zamani, kusafisha na kuweka mpya. Gharama ni senti chache za waya wa lehemu. Usiongeze mpya juu ya ya zamani ukaita kazi imekwisha, kwa maana ufa utarudi.

Mstari mmoja mweupe ukikatiza katikati ya kioo, mfumo wa kutandaza picha juu na chini umekufa. Punguza mwanga mara moja, kwa sababu mstari huo unaunguza unga wa kioo na alama yake haifutiki. Chanzo huwa ni lehemu iliyopasuka, kapasita iliyokauka au IC ya mfumo huo, na IC za aina hiyo ni dola mbili hadi tano. Monita ikitoa mlio wa tik-tik-tik bila kuwaka, umeme unajaribu kupanda na kukatwa. Mara nyingi transista ya mistari imeshoti. Transista yenyewe ni dola mbili au tatu. Lakini uliza kwanza nini kimeiua, maana flaibaki yenye ufa huua transista mpya ndani ya sekunde, na fundi mwenye haraka anaweza kukuchomea tatu mfululizo huku unalipa wewe.

Flaibaki ndiyo spea ghali: dola 30 hadi 60 ikipatikana, nayo ni mabaki ya maghala ya zamani. Hapa kuna mtego uliowapotezea wengi pesa. Jina 1084S limebandikwa kwenye monita tofauti kabisa kwa ndani. Nyingine zilitengenezwa na Philips, nyingine na Daewoo wa Korea, na bodi zake hazifanani. Kuna pia ndugu yake, Philips CM8833, yenye matoleo zaidi ya moja. Kwa hiyo usiagize kwa jina la monita. Fungua, soma namba iliyochapwa kwenye flaibaki yenyewe, kisha tafuta kwa namba hiyo au kwa namba mbadala za HR, kampuni ya Uhispania iliyotengeneza flaibaki za kubadilishia za aina nyingi.

Na kapasita je? Kumezuka desturi ya kubadilisha zote hata kama monita haina tatizo. Seti nzima huuzwa dola 25 hadi 40, na kazi yake hula siku. Siipendi desturi hiyo. Kila mguu unaochomolewa ni nafasi ya kung'oa njia ya shaba kwenye bodi iliyozeeka. Kipimo cha spea cha dola 15 hivi kitakuonyesha zipi zimekauka, na kwa kawaida ni zile zilizokaa karibu na vyuma vya kupozea joto. Badilisha hizo, uweke za daraja la nyuzi 105, siyo 85. Kanuni ya wahandisi ni kwamba kila joto likipungua kwa nyuzi kumi, umri wa kapasita huongezeka takriban mara mbili, kwa hiyo daraja hilo si mapambo. Ukikuta zile kapasita za manjano zinazopitisha mwanga, za RIFA, zenye nyufa ndogo kwenye ganda, hizo toa bila kupima. Zimevuta unyevu na siku moja zitajaza chumba moshi. Wenye kompyuta za BBC Micro wanazijua vizuri.

Ufanye mwenyewe au umpe fundi? Ndani ya chogo kuna sehemu mbili zinazoua. Ya kwanza ni kapasita kubwa ya kuingilia umeme: volti 240 za ukutani zikishanyooshwa hufikia takriban volti 340, na kapasita hiyo inaweza kuzishikilia hata baada ya kuchomoa waya. Ya pili ni kofia ya mpira iliyobandikwa juu ya tyubu, ambako umeme hupita volti 20,000. Tyubu hubaki na chaji hiyo baada ya kuzimwa. Huondolewa kwa bisibisi yenye mpini uliokingwa, iliyofungwa waya unaoshikizwa kwenye ule msuko wa waya uliokumbatia mgongo wa tyubu, wala si kwenye bodi, ambako mshtuko huo utaua IC. Shingo ya tyubu nayo ni nyembamba. Ukiigonga ikapasuka, hewa imeingia na hakuna matengenezo tena. Kama hujawahi kulifanya hilo ukiwa umesimamiwa na anayelijua, usijifunzie hapa.

Katika jambo hili msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ana bahati kuliko mwenzake wa Berlin. Ulaya, mafundi wa chogo waliobaki ni wachache, na anayepokea kazi hutoza dola 50 hadi 100 za ufundi peke yake, mbali na kuisafirisha monita kwenda na kurudi. Kwetu, matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, TV za chogo hazikufa siku hiyo. Zilichomekwa ving'amuzi na kuendelea, na mafundi wake wakaendelea nazo. Ndani yake, 1084S ni TV ya rangi iliyotolewa sehemu ya kunasa stesheni. Transista kama BU508A, flaibaki, IC za kutandaza picha, vyote ni vitu ambavyo fundi wa chogo amevigusa kila wiki. Malipo ya ufundi ni maelewano, na kwa kawaida hayafikii bei ya flaibaki mpya.

Anachokosa fundi wetu ni mchoro. Commodore ilitoa kitabu cha mafundi cha monita hizi, na nakala zake zilizopigwa picha zinapatikana. Chapisha kurasa za toleo lako kwenye karatasi kubwa umpelekee. Bila mchoro atabahatisha. Akiwa nao, kazi ya siku tatu inaweza kuwa ya asubuhi moja. Nenda pia na Amiga na waya wake, kwa sababu fundi hana ishara yenye rangi tatu zilizotenganishwa ya kujaribia, na matundu ya 1084S hayafanani toleo kwa toleo. Kisha mkubaliane kabla ya bisibisi kushikwa: spea za zamani utarudishiwa, na akifikia flaibaki atasimama akuulize.

Njia ya pili ni kununua nyingine. Ulaya, 1084S inayofanya kazi huombewa dola 150 hadi 300, na bei hizo hazijaonyesha dalili ya kurudi zilikokuwa. Muuzaji anapoandika kwamba imejaribiwa na inawaka, ameahidi kuwaka tu. Omba picha mbili za skrini nyeupe: moja dakika ya kwanza baada ya kuwasha, nyingine baada ya nusu saa. Asiyetaka kuzipiga, achana naye. Bora zaidi uifuate mwenyewe ukaione.

Kwa aliye Afrika Mashariki, mzigo huu una uzito wa zaidi ya kilo kumi na umejaa hewa ndani ya boksi kubwa, kwa hiyo nauli ya ndege inaweza kupita bei ya monita. Wanaokusanya mizigo ya meli ndio nafuu, ila sharti ifungwe ikilala kifudifudi, kioo kikitazama chini juu ya sponji nene, kwa kuwa uzito wote uko mbele na ikidondoka ikiwa imesimama, shingo hukatika. Usivutwe na bei ya chini ya Marekani. Toleo la huko ni la volti 120; ukilichomeka kwenye ukuta wetu litaungua, na transfoma ya kushusha umeme ni gharama nyingine na mzigo mwingine.

Ningewashawishi wengi zaidi waiangalie njia ya tatu: TV ya chogo yenye tundu la SCART. TV hizo zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya hupokea nyekundu, kijani na buluu kila moja kwenye waya wake, kwa kasi ileile ya kilohezi 15.6 ambayo Amiga inaitoa. Waya wa Amiga kwenda SCART ni dola 15 hadi 25. TV yenyewe huko Ulaya mara nyingi hutolewa bure na anayetaka nafasi sebuleni. Picha inaizidi mbali ile ya waya wa antena, michezo inakwenda laini, na bunduki za mwanga, ambazo hazifanyi kazi kabisa kwenye bapa, hapa zinafanya kazi. Upungufu uko kwenye maandishi. Nukta za kioo cha 1084S zimeachana kwa milimita 0.42, na TV nyingi za nyumbani zina nukta kubwa zaidi, hivyo anayeandika programu au kuhariri muziki atachoka macho. Kagua nyuma ya TV kabla ya kulipa: chogo nyingi zilizouzwa Afrika Mashariki zina matundu ya AV tu, manjano, nyeupe na nyekundu, na hizo hazitakusaidia. Zilizoletwa zimetumika kutoka Ulaya ndizo za kutafuta, na hata tundu la SCART likiwepo, jaribu kwanza, kwa kuwa si kila moja limeunganishwa kupokea rangi tatu.

Njia ya nne ni kigeuzi. Cha bei ya chini kabisa ni bodi ya GBS-8200, dola 25 hadi 40, inayogeuza kilohezi 15 kuwa VGA. Ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, picha yake ni ya ukungu na huchelewa; ikiongezewa kidude cha ESP8266 chenye programu huria ya GBS-Control, inakuwa kitu kingine, kizuri kweli kwa bei hiyo. Juu yake kuna OSSC, ya dola 120 hadi 180, isiyochelewesha picha kwa kiasi unachoweza kukihisi. Ninayoipenda kwa mwenye Amiga peke yake ni RGBtoHDMI, inayotumia Raspberry Pi Zero na kukaa ndani ya kompyuta chini ya chipu ya picha iitwayo Denise. Inachukua rangi zikiwa bado namba, kabla hazijageuzwa kuwa umeme wa analojia, kwa hiyo kila pikseli inatua mahali pake. Seti yake ni dola 40 hadi 70. Haina kazi ya lehemu kwenye Amiga nyingi, ni kuchomoa chipu na kuipanga upya, ingawa chipu ya umri huo huchomolewa taratibu, upande kwa upande.

Kasoro ya bapa ni mwendo. Amiga ya Ulaya hutoa picha 50 kwa sekunde, na bapa nyingi hupenda 60. Mandhari inayosogea upande huonekana ikijikwaa. Kabla hujanunua, hakikisha bapa yako inakubali hezi 50. Tafuta ya inchi 17 au 19 yenye umbo la zamani la 4 kwa 3 au 5 kwa 4, zinazouzwa kwa bei ndogo sana kwa wauza kompyuta za mitumba, kwa sababu maofisi yanazikimbia.

Umeme usikusumbue. Monita ya chogo ya inchi 14 hula takriban wati 75, bapa wati 25. Anayecheza saa tano kwa wiki, tofauti yake kwa mwaka mzima ni uniti 13 hivi. Kwa takriban shilingi 350 za Tanzania kwa uniti, haifiki 5,000.

Kwa hiyo, kwa mwenye 1084S mbovu mkononi, hesabu yangu inakwenda hivi. Dola 15 za mwanzo ni za swichi, lehemu na kapasita chache. Ikishawaka na tyubu ikaonekana nzima, niko tayari kufika dola 100 pamoja na flaibaki na fundi, kwa sababu nyingine ya hali hiyo siipati kwa bei hiyo. Ikiwaka na tyubu ikawa imechoka, nasimama hapohapo na kununua RGBtoHDMI na bapa ya mitumba, na vyote viwili havifiki bei ya 1084S moja ya Ulaya. Anayetaka michezo zaidi kuliko kazi, aende moja kwa moja kwenye TV ya SCART.

Monita iliyochoka tyubu usiivunje wala usimpe anayetaka shaba ya koili tu. Kioo cha chogo, hasa sehemu ya nyuma, kina risasi nyingi, na wanaokivunja kwa nyundo jalalani huiacha kwenye udongo tunaoulima. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za kielektroniki. Kabla hujaipeleka, toa chaji, kisha chomoa flaibaki, swichi, bodi ya shingo na vifuniko vya mbele, uvipige picha pamoja na namba zake. Flaibaki nzima ya toleo sahihi ina mnunuzi siku yoyote, na pesa yake inaweza kulipia sehemu kubwa ya kigeuzi.